Kikombe cha Chai, Tiketi ya Ndege

Mwaka 1947 kijana mmoja wa Kijaluo alikuwa akisoma Mang'u, shule ya wamisheni Wakatoliki karibu na Thika. Alikuwa na akili, na ulimi wa kuisemea akili hiyo. Baba yake alikuwa ametoka Kisiwa cha Rusinga kwenda kufanya kazi kwenye shamba la mkonge la Kilima Mbogo, na huko ndiko kijana alikozaliwa mwaka 1930. Lakini nyuma yake walikuwapo wadogo waliotaka kusoma pia, na mshahara wa mkonge haukuongezeka kwa kuwa watoto wameongezeka. Karo ikashindikana. Kijana akaacha shule, akaenda Jeanes School huko Kabete kusomea ukaguzi wa afya, kwa kuwa huko hakutozwa kitu. Jina lake Thomas Joseph Mboya.

Miaka 12 baadaye, Septemba 1959, ndege ya kukodi iliruka kutoka Nairobi ikiwa na vijana 81 waliokuwa wakienda kusoma vyuo vya Marekani. Aliyehangaika mpaka ndege hiyo ikapatikana ni yuleyule aliyeshindwa karo. Mboya mwenyewe hakuwahi kupata shahada. Alichopata ni mwaka mmoja wa Ruskin College, Oxford, kati ya 1955 na 1956, kwa ufadhili uliotokana na kazi yake ya vyama vya wafanyakazi.

Habari za ndege za Mboya husimuliwa mara nyingi kuanzia kwa akina Kennedy na hundi yao ya dola 100,000. Ukianzia hapo umeanzia mkiani. Hundi ile ilikuja mwaka 1960, baada ya ndege ya kwanza kwenda na kufika, na ilikuja kwa sababu watu wengine, wengi wao wasio na kitu, walikuwa wametangulia kutoa.

Na kabla yao walikuwapo wengine. Mwaka 1938 Peter Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange wa Kiambu, alirudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kusoma Marekani na Uingereza. Mwaka uliofuata akafungua chuo cha ualimu Githunguri. Serikali ya kikoloni haikukijenga. Kilijengwa na wananchi. Waliochanga walichanga kwa marika, kila rika likitaka lisishindwe na jingine, na mambo ya marika kwa Wakikuyu si mchezo: ukionekana rika lako limelala, utasikia habari zako kwenye kila kilabu cha pombe. Wanawake nao wakachanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Kuku, mbuzi, senti za mahindi, vyote vikageuka mawe na mabati. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, chuo kikafungwa pamoja na shule za kujitegemea, na mahali palepale walipochangia watoto wao wasome, serikali ikasimamisha mti wa kunyongea.

Nataja hilo kwa sababu wasimulizi wengi huandika kana kwamba Waafrika wa Kenya walikuwa wamekaa wakisubiri msaada. Walikuwa wamekwisha kuchanga, wamekwisha kunyang'anywa walichochangia, na mwaka 1959 wakaanza tena.

Hali ya elimu wakati huo ilikuwa hivi. Chuo kilichotoa shahada Afrika Mashariki kilikuwa Makerere peke yake, na nafasi zake ziligawanywa kati ya Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Nairobi ilikuwa na chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Wachache walipelekwa Uingereza, na waliopelekwa walichaguliwa na serikali. Huku uhuru unanukia. Kila mwenye macho aliona kwamba siku bendera itakaposhushwa watahitajika mahakimu, madaktari, wahandisi na wakuu wa wilaya, na kwamba kwa mwendo ule Mzungu ataondoka kwenye kiti halafu arudishwe kukikalia kwa mkataba.

Mboya, aliyekuwa ameingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957 akiwakilisha Nairobi, alikuwa ameshafika Marekani mara moja, mwaka 1956. Huko alikutana na William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege, mtu wa umri usiopishana sana na wake. Wakaelewana. Scheinman akaanza kutoa nauli kutoka mfukoni mwake kwa wanafunzi wachache waliokwisha kupata nafasi vyuoni. Hapo ndipo fundo lilipokuwa: nafasi zilipatikana, kwa kuwa vyuo vingi vidogo vya Marekani, vikiwamo vya Wamarekani weusi, vilikuwa tayari kusamehe karo. Kikwazo kilikuwa bahari. Tiketi ya Nairobi hadi New York ilizidi mapato ya mkulima kwa miaka kadhaa. Lakini ukikodi ndege nzima na kuijaza, kila kiti kinashuka bei.

Aprili na Mei 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia, siku nyingine zaidi ya mara moja, na kila alikofika aliomba nafasi za masomo. Akarudi na ahadi nyingi kuliko uwezo wa kuzisafirisha. Yeye, Dakta Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, wote wawili waliokuwa wamesoma Marekani, wakaanza kupokea vijana waliokuja na barua zao za kukubaliwa vyuoni, na kuamua nani apande. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, nao walilaumiwa kwayo. Waluo walisema Wakikuyu wamezidi, Wakikuyu wakasema hivyohivyo kinyume chake, na waliobaki wakasema wao hawakuonekana kabisa.

Kijana aliyechaguliwa hakuwa amemaliza. Alihitaji koti, viatu, sanduku, pesa za kuanzia maisha, na wengine sehemu ya nauli. Ndipo zikaja karamu za chai.

Asiyezijua asifikirie meza na vitambaa vyeupe. Karamu ya chai ya kijijini ni sufuria kubwa juu ya mafiga, maziwa ya jirani, majani ya dukani, na benchi zilizoazimwa kanisani. Unapewa kikombe, unaweka senti zako mezani, na kikombe kile unakilipia mara kumi ya bei yake, ukijua. Mwenye kuku analeta kuku. Kuku anapigwa mnada, anayemnunua anamrudisha mezani, anauzwa tena. Hadi jioni kuku mmoja ameshakuwa nusu ya tiketi na bado yu hai. Karani anasoma majina kwa sauti, fulani shilingi mbili, fulani senti hamsini, na kila jina likisomwa kuna mtu anayejipapasa mfukoni upya. Aibu kidogo, fahari kidogo, mapenzi kidogo. Sioni haja ya kuvitenganisha, vyote viliingia kwenye bakuli moja.

Waliochanga hawakuwa jamaa tu. Familia nyingine ziliuza ng'ombe au kipande cha shamba kwa ajili ya mtoto wao, hilo linaeleweka. Lakini karamu iliwaleta watu ambao mtoto yule hakuwa wao, hakuwa na deni kwao, na huenda wasingemwona tena. Na nchi ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari, ambayo haikuondolewa hadi Januari 1960. Mkikuyu wa 1959 alikuwa amepitia vijiji vya kufungiwa, kipande mfukoni, ndugu kizuizini. Shilingi mbili zake si shilingi mbili za mtu aliyelala salama.

Upande wa pili wa bahari habari hizi zilitumika vizuri. Scheinman na wenzake walikuwa wameunda taasisi ya kusaidia wanafunzi wa Kiafrika, African-American Students Foundation, na wakatafuta watu wa kuipigia debe. Watatu walikubali kutia sahihi barua ya kuomba michango: Jackie Robinson, Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli katika zama hizi, Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mwigizaji. Barua ikasambazwa, na pesa zikaanza kuingia kwa bahasha ndogondogo kutoka kwa maelfu ya Wamarekani wa kawaida. Hoja iliyowagusa ilikuwa rahisi: wenyewe wameshachanga, wamepungukiwa na hiki tu.

Martin Luther King naye aliingia. Mei 1959 shirika lake lilimwandalia Mboya chakula cha jioni Atlanta, na baadaye kanisa alilolichunga Montgomery, Dexter Avenue, likachukua mzigo wa kumsaidia mwanafunzi mmoja Mkenya aliyekwenda Tuskegee. Ni kanisa lilelile lililotembea kwa miguu mwaka mzima wa 1956 likigomea mabasi. Waumini wake hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa walimu na watu wengine wenye taaluma, na wao wenyewe walikuwa wamepokea michango ya watu wasiowajua katika mgomo ule. Sasa ikawa zamu yao kutoa, na hawakumrudishia aliyewapa bali walimpa Mluo ambaye hawakuwahi kumsikia.

Hivyo ndege ikajaa. Wazazi, mashangazi na wazee walifurika Embakasi kuwasindikiza, na nyimbo zikaimbwa mpaka ndege ikapotea. Serikali ya kikoloni haikufurahi. Maafisa wake walisema vyuo vya Marekani ni hafifu, vijana hawajaandaliwa, watarudi na vyeti visivyo na thamani. Kejeli hiyo iliwafuata wahitimu mpaka miaka ya sitini, walipoomba kazi kwa watu waliosoma Uingereza.

Mwaka 1960 waombaji walikuwa wengi zaidi na pesa zilikuwa zimekauka. Mboya aliiomba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ikakataa. Tarehe 26 Julai akaenda Hyannis Port kumwona Seneta John Kennedy, aliyekuwa ameteuliwa kugombea urais siku chache nyuma. Mfuko wa familia hiyo, uliopewa jina la kaka yake aliyekufa vitani, ukatoa dola 100,000. Kambi ya Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy katika uchaguzi huo, iliposikia, wizara ileile iliyokataa ikajikuta ina dola 100,000 za kutoa. Likawa zogo la Seneti, huyu akimtuhumu yule kununua kura za weusi kwa migongo ya wanafunzi. Pengine kila mmoja alikuwa na lake. Ndege ziliruka hata hivyo, na safari hii zilibeba vijana wa Uganda, Tanganyika, Zanzibar, Nyasaland na Rhodesia zote mbili. Hadi mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamekwenda kwa njia hiyo. Jaramogi Oginga Odinga naye, kwa upande wake, alikuwa akiwapeleka vijana nchi za Ulaya Mashariki, na hiyo ni hadithi nyingine.

Waliokwenda na ndege ya kwanza ni pamoja na Philip Ochieng, aliyesoma Roosevelt, Chicago, akarudi bila shahada na kuwa mwandishi wa magazeti mwenye kalamu kali kuliko karibu wote waliokuwa nazo. Ni pamoja pia na Pamela Odede, aliyerudi akaolewa na Mboya mwenyewe Januari 1962.

Na mwaka 1960 alikwenda binti wa Ihithe, Nyeri, aliyeitwa Wangari. Kwake mnyororo ulianza nyumbani kabisa. Alipokuwa mdogo, kaka yake Nderitu, aliyekuwa tayari anasoma, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule. Kaka hakuwa na senti ya kutoa, alitoa swali. Mama angeweza kulijibu kwa desturi ya wakati ule, msichana abaki kulea wadogo na kusaidia shambani, wala hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimpeleka. Kutoka hapo akapita kwa masista wa Mathari, kisha Loreto Limuru, kisha Atchison, Kansas, kwenye chuo cha masista wengine. Njiani kwa basi kutoka New York walisimama Indiana kwenye mkahawa, wakaambiwa wanaweza kununua soda lakini si kukaa ndani. Ndivyo nchi ilivyokuwa: mkono mmoja unalipa nauli yako, mwingine unakuonyesha mlango.

Aliporudi, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1971, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 1977 akaanza kupanda miti na wanawake wa vijijini. Mfumo wake ulikuwa wa kikombe cha chai kwa namna yake. Mwanamke aliotesha miche kitaluni, akaipanda, na kwa kila mche ulioshika alipewa malipo madogo sana, senti nne za dola. Senti nne hazimtajirishi mtu. Lakini zilimfanya mwenye miche arudi kuitazama, na jirani yake ajiulize kwa nini yeye hana kitalu. Wangari Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, miti ilikuwa imepita milioni 30.

Huwa wanatajwa pia akina Obama, na hapo inabidi kunyoosha mambo. Barack Obama mkubwa hakupanda ndege ya Mboya, ingawa Mboya alimjua na taasisi ya wanafunzi ilimsaidia baadaye kidogo. Alikwenda Hawaii mwaka 1959 kwa msaada wa wanawake wawili wa Kimarekani: Elizabeth Mooney, aliyekuwa Nairobi akifundisha watu wazima kusoma na ambaye alimpa kazi ofisini kwake, na Helen Roberts wa Palo Alto. Mwanawe alipokuwa akigombea urais wa Marekani alisema Selma, Machi 2007, kwamba akina Kennedy ndio waliolipia safari ya baba yake. Miaka haikubaliani: hundi ya Kennedy ilitoka mwaka mmoja baada ya baba kuondoka. Wanawake wawili wasio na jina kubwa wakafunikwa na familia yenye jina kubwa, jambo ambalo hutokea kila siku kwenye orodha za michango. Mwaka 1963, kutoka Kampala, alisafiri Mahmood Mamdani kwenda kusoma Pittsburgh; huyu kweli alikuwa wa ndege hizo. Alirudi, akafundisha Dar es Salaam miaka ya sabini. Mwanawe Zohran, aliyezaliwa Kampala, alichaguliwa meya wa New York Novemba 2025.

Mboya hakuyaona hayo. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi alipokuwa akitoka kwenye duka la dawa, Government Road, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 38. Obama mkubwa alikuwa amezungumza naye mtaani muda mfupi kabla ya risasi, akatoa ushahidi mahakamani.

Karamu za chai nazo zilibadilika. Baada ya uhuru, harambee ikawa sera ya taifa, shule za harambee zikajengwa kila tarafa, na ni haki kusema watoto wengi wa Kenya wasingesoma bila hizo. Lakini mwenye shilingi mbili akaanza kurudi nyuma ya umati. Mbele akaja mheshimiwa na bahasha yake, mpiga picha akiwa karibu, na machifu wakaanza kukusanya mchango kama kodi. Unapolazimishwa kutoa hutoi, unatozwa. Nadhani wazee wa Githunguri wangeiona tofauti hiyo bila kuelezwa.

Hata hivyo kitu kilekile kiliendelea kutokea pembeni, bila jukwaa. Katika kijiji cha Mitahato, Kiambu, miaka ya sabini, mvulana aitwaye Chris Mburu alikuwa anaongoza darasani na kwao hakuna karo. Aliyeilipa alikuwa Hilde Back, mwalimu wa watoto wadogo huko Västerås, Uswidi, kupitia mpango wa kufadhili wanafunzi. Ilikuwa kama dola 15 kwa muhula. Back alikuwa Myahudi aliyezaliwa Ujerumani. Alikimbilia Uswidi akiwa kijana kwa msaada wa watu wengine, na wazazi wake waliobaki nyuma wakafa kwenye kambi za Wanazi. Yeye mwenyewe hakujisifia dola hizo. Alilipa muhula hadi muhula bila kujua mtoto anaelekea wapi.

Mburu alisoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Akataka kuanzisha mfuko wa kulipia karo watoto wa kwao, na jina pekee lililomjia lilikuwa la yule mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Ubalozi wa Uswidi ukasaidia kumtafuta. Alikuwa hai, mzee, na alishangaa sana. Akaja Kenya kuuzindua mfuko wenye jina lake, na mwaka 2010 filamu ya habari hiyo, iliyotengenezwa na Jennifer Arnold, ikaonyeshwa Sundance.

Filamu ile inafuata watoto wa shule aliyosoma Mburu wakijiandaa kwa mtihani wa darasa la nane wa mwaka 2007. Shule za msingi zilikuwa bure tangu 2003, lakini sekondari zilitaka karo, na mfuko haukuwa na pesa za wote, kwa hiyo uliweka alama za kufikia. Matokeo yalitoka nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi. Wengi wa darasa lile hawakufikia alama. Mburu na wenzake wakakaa mezani kuamua kama waishushe, kazi ileile iliyowakalisha Mboya, Kiano na Njiiri mbele ya rundo la barua za vyuo mwaka 1959.